Vunjajungu wa Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Paa linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, na yule fundi aliyeapa kwamba ameliziba, Mungu anamwona. Nimetega ndoo.

Mume wangu ameondoka alfajiri na lori lake. Daftari hili ni lake. Nimelichukua kwa sababu nina mdomo na sina masikio ya kuupa kazi. Si kwamba niko peke yangu. Binti yake yupo, ana miaka tisa, baba yake anamwita Kipusa. Lakini tangu niolewe humu ndani, maneno aliyonipa ukiyafunga kwenye pembe ya leso hayajazi fundo. Haniiti kitu. Si mama, si mama mdogo, hata "wewe" sijapata. Akinihitaji anakohoa.

Jana alikuja bibi yake, mzaa mama, mama wa marehemu. Akamkalisha mjukuu, akamuuliza hili na lile. Mtoto akaganda, macho ukutani, mikono imenyooka mapajani. Wakati wa kuondoka Bibi akanivuta mlangoni. "Sina ugomvi na wewe," akasema, "lakini mtoto asiyesema ananyauka. Mvua zikiisha nitarudi. Nikimkuta hivi hivi, namchukua."

Baba mtu ameshakubali. Mimi sikuulizwa. Mke wa pili ni kama kifungo cha akiba, unashonewa ndani ya shati na hakuna anayekuuliza kitu.

Kisha Bibi akanyoosha kidole juu ya rafu, kwenye jungu la marehemu, chini jeusi kwa moshi, mabegani kahawia. "Hilo ndilo alilokuwa akipikia mwanangu. Lisiguswe."

Sijaligusa. Nalifuta vumbi huku nimebana pumzi.

Alhamisi, 6 Machi

Kipusa amerudi shule na kijiti chenye kitu kama povu lililokauka. Amekisimamisha dirishani karibu na cherehani yangu. Nimemuuliza ni nini. Kaganda. Nimeuliza tena kwa sauti ya juu, kaganda zaidi. Kiburi hiki, jamani, kakitoa wapi?

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimepiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikaona dirisha linatembea. Lile povu limepasuka na vimetoka vidudu visivyo na idadi, vyembamba, vyeusi kama sisimizi, vinaning'inia na kumwagika juu ya meza. Nikapanda kiti. Mtu mzima mimi, nimepanda kiti na kanda ya kupimia shingoni!

Kipusa akaja mbio. Akaviangalia, akaniangalia mimi juu ya kiti, na nahisi kama alitaka kucheka.

"Ni vunjajungu," akasema.

Neno hilo! Nikashuka.

"Vunjajungu gani mweusi hivi?"

"Watoto. Wanajifanya sisimizi ili ndege wasiwale." Kisha akaongeza, kwa uzito wa hakimu, "Ukimgusa vunjajungu, utavunja jungu. Shuleni wanasema hivyo."

"Mimi si wa shuleni," nikamwambia, "na jungu lenyewe liko juu."

Akafunga mdomo. Ulimi wangu huu, ungekuwa kitambaa ningeukata.

Jumatatu, 17 Machi

Wengi tumewaachia kwenye vichaka vya uani, maana wakikaa pamoja wanalana, ndugu kwa ndugu. Wawili wamebaki, kila mmoja na kopo lake la plastiki la kuonyesha ndani. Mfuniko ni wangu: mabaki ya neti ya shela ya bibi harusi wa mwezi jana, nimeyabana kwa mpira wa kiunoni. Kipusa alipapasa pindo nililolikunja. "Limenyooka," akasema. Nimesifiwa na wateja wenye magari, sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 23 Machi

Hawa wadudu wana mambo. Weusi umekwisha, wamekuwa kijani. Mmoja tunamwita Kijiti. Ukimsogelea anainyoosha miguu yake ya mbele mbele ya kichwa, anajibana kwenye ujiti, hapo tena hujui mdudu ni upi na mti ni upi. Ukizunguka kumtazama upande wa pili, naye anazunguka, anaweka ujiti kati yenu. Wa pili ni Mlevi. Huyo ukimpulizia pumzi anayumba, kulia, kushoto, mwili mzima, miguu haijang'oka. Ukiacha kupuliza, bado anayumba kidogo, halafu anatulia.

"Kwa nini anayumba hivyo?" nikauliza.

"Majani yanayumba upepo ukija," akasema Kipusa. "Jani lisiloyumba ndilo linaloonekana."

Maji tunawapulizia kwa ile chupa yangu ya kupigia pasi. Chakula ni inzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Nimeacha ndizi ioze jikoni kwa makusudi, mimi niliyekuwa nikifukuza inzi kwa kanga.

Jumamosi, 29 Machi

Nesi, mteja wangu, alikuja kujaribu gauni lake la harusi ya mdogo wake, kijani kibichi, mikono ya puto. Mtu akiwa nyuma ya pazia anavua nguo, haingii mtu wala hachungulii. Hiyo ni sheria ya nyumba hii na Kipusa anaijua. Nesi akatoka, akajizungusha mbele ya kioo, mimi mdomoni nimebana pini. Kipusa akaanza kukohoa. Akakohoa, akakohoa.

"Mpe maji huyo mtoto," Nesi akasema.

Si kikohozi. Kopo la Mlevi lilikuwa wazi, na Mlevi yupo mahali fulani juu ya gauni la kijani, naye kijani. Nikitafuta kwa mikono nitamponda. Nikipiga kelele Nesi atalichana gauni. Kipusa akasogea, akachongoa mdomo, akaanza kumpuliza Nesi. Mgongoni, kiunoni, begani.

"Anafanya nini huyu?"

"Anaondoa nyuzi," nikasema na pini zangu mdomoni.

Begani, jani moja likayumba. Kipusa akaweka kiganja, Mlevi akapanda, basi. Nesi hakujua kitu. Alipoondoka tukatazamana, nikaangua kicheko mpaka pini zikamwagika. Kipusa akainama kuziokota, mabega yanamtikisika. Hakutoa sauti, lakini alikuwa anacheka. Naapa alikuwa anacheka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kutwa. Baba yake kapiga simu. Kipusa kamwambia "Mzima" na kunirudishia.

Jumatano, 9 Aprili

Mlevi amekufa. Hawa wadudu wakikua ngozi inawabana, wanajining'iniza kichwa chini na kuivua. Yeye alikwama katikati. Kipusa alikaa naye tangu alipotoka shule hadi giza likaingia. Hakulia. Nilimwita kula mara tatu, mara ya nne nikapandisha sauti. Akaganda, mikono mapajani.

Ndipo nilipouona ule mkao. Mikono imenyooka, pumzi ndogo ndogo, macho mahali pamoja. Nimekuwa nikiuita kiburi tangu niingie nyumba hii. Si kiburi, jamani. Mtoto kasikia sauti kubwa na anasubiri ndege apite.

Na ndege ni mimi.

Nimempelekea sahani pale pale alipokaa, nikaondoka bila kusema neno. Imerudi tupu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimejaribu siku nne kusema taratibu. Koo linauma.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo mwandiko ni wa kuku.

Dirisha nalo limeanza kuvuja, kwa hiyo jana nilihamishia kopo la Kijiti juu ya rafu, pembeni ya jungu. Leo Kipusa alipokwenda shule nikapanda kigoda kumpulizia maji. Kijiti ananing'inia kichwa chini kwenye neti, ametulia tuli. Nikampuliza. Hakuyumba. Nikampuliza tena. Wapi!

Nikamkumbuka Mlevi. Asubuhi nzima nilishona kola, nikaifumua kwa kuwa nimeigeuza, nikaishona tena na kuigeuza tena. Mvua ikapamba moto. Saa ya watoto kutoka shule ilipokaribia nikasema hapana, mtoto huyu hatazika mwingine. Nitamtoa, nitamwambia ametoroka, yuko vichakani na ndugu zake. Nikapanda kigoda, nikafungua neti, nikapeleka kidole. Kikamgusa kidogo tu, mgongoni.

"Usimguse! Anavua nguo!"

Sauti hiyo sijapata kuisikia maishani. Kipusa mlangoni, maji yanamchuruzika, begi limeanguka. Nikageuka, kiwiko kikaenda kivyake, na jungu likaenda kivyake. Likapiga sakafu pu, basi, vigae mpaka chini ya cherehani.

Kopo nilikuwa nimelidaka. Sijui vipi.

Nilipoinua macho Kipusa hayupo. Nimemtafuta chumbani, uani kwenye mvua, chini ya kitanda. Nikarudi, nikaona kidole kimoja cha mguu chini ya pazia la kujaribia nguo. Amesimama ukutani katikati ya magauni ya watu, mikono imenyooka sambamba na mikono ya nguo, uso ndani ya gauni la kahawia.

Mimi wa mwezi Machi ningemvuta mkono nimtoe. Nikakaa chini, nje ya pazia. Sheria ni sheria.

"Nimelivunja jungu la mama yako," nikasema. "Si wewe uliyevunja, wala si sauti yako. Ni kiwiko changu. Na uliniambia mwenyewe nisimguse, nikajitia mjuaji."

Mvua juu ya bati.

"Nilidhani amekufa kama Mlevi. Sikutaka umkute."

Sikuwa na neno lingine, na mimi kukosa neno ni habari ya kutangazwa. Nikasogeza pazia kidogo, nikapuliza. Taratibu, kama tunavyowapuliza wao. Mikono ya magauni ikacheza. Nikapuliza tena.

Akayumba.

Kulia, kushoto, miguu haijang'oka. Macho kayafumba, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na anayumba. Nikasimama kando yake kati ya nguo, nami nikayumba. Mtu angeingia wakati ule angetukimbia.

"Bibi atanichukua," akasema, bado anayumba.

"Unataka kwenda?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Na wewe?" akauliza. "Atakufukuza?"

Kumbe mtoto huyu alikuwa akiniogopea mimi! Miezi yote hii nimejihesabia kuwa mzigo wake, kumbe ana hofu ya kunipoteza. Nikalia bila adabu, nikapenga kamasi kwenye kipande cha hariri ya mteja.

"Sijui," nikamwambia ukweli. "Lakini nitamwambia mwenyewe."

Tulipotoka, Kijiti alikuwa ananing'inia kwenye ngozi yake ya zamani, mzima, mlaini, mrefu kuliko asubuhi, rangi yake imepauka kama uzi mweupe uliolowa. Kweli alikuwa anavua nguo. Tumesimama kumtazama mpaka akakauka.

Ijumaa, 18 Aprili

Tumeokota vigae vyote. Nimejaribu gundi. Jungu halishoneki. Kipusa amechukua kigae kimoja, cha pale begani penye kahawia, amekisimamisha ndani ya kopo la Kijiti. Vingine viko kwenye ndoo kavu chini ya meza.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwambia mume wangu kwa simu. "Mama mkwe ataniua," akasema. Nikamwambia, "Foleni inaanza kwangu."

Jumapili, 4 Mei

Kijiti amejivua tena, na safari hii katoka kahawia. Ukijani wote umebaki kwenye ngozi kuukuu. Amejibana kwenye kigae, miguu mbele, huoni kitu. Mimi ninayejua yupo wapi namtafuta mpaka macho yananiuma.

Kipusa ananihadithia shule siku hizi wakati ninashona. Anaongea na cherehani, anaiangalia cherehani, lakini mimi ndimi ninayeikanyaga.

Ijumaa, 9 Mei

Jua. Ndoo zimekauka. Sijawahi kulichukia jua hivi.

Jumapili, 11 Mei

Amekuja.

Baba mtu alirudi jana na lori, leo asubuhi akagundua gurudumu linahitaji kuangaliwa. Mwanamume huyo anashuka mlima na tani za saruji, lakini mama mkwe hamkabili.

Nilikuwa nimejipanga. Nilikariri maneno tangu alfajiri, "Mama, nina jambo, naomba ukae." Bibi hata viatu hajavua, akatazama rafu.

"Jungu la mwanangu liko wapi?"

Maneno yote yakanitoka kichwani. Ndipo Kipusa akapita ubavuni kwangu, akasimama mbele yangu.

"Limevunjwa na vunjajungu, Bibi."

"Na nani?"

"Vunjajungu. Si ndilo jina lake?"

Akalikimbilia kopo, akaliweka mapajani mwa Bibi, ambaye alikuwa ameketi bila kutaka. "Mtafute."

Bibi akavaa miwani. Akageuza kopo huku na huku. "Sioni mdudu hapa. Naona kigae." Na nikaona amekitambua kigae chenyewe, maana kidole chake kilisimama.

"Puliza, Bibi. Puliza taratibu."

Bibi akapuliza. Ukingo wa kigae ukayumba, kulia, kushoto.

"Ee! Kigae kinacheza!"

Kipusa akacheka. Kwa sauti, meno yote nje. Akaanza kueleza: wakizaliwa wanajifanya sisimizi, halafu jani, halafu mti, huyu amejifanya jungu kwa sababu amekaa nalo, na Mlevi alipanda juu ya Nesi, na mtu akivua nguo haguswi, na ndizi imeoza jikoni lakini ni ya chakula. Hakupumua. Bibi hakumwangalia mdudu hata kidogo. Alikuwa anautazama mdomo wa mjukuu wake.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Ni kiwiko changu. Mtoto ananisitiri tu."

"Nimesikia," akasema Bibi. "Vunjajungu." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Na huyu vunjajungu, mjukuu wangu, anakula vizuri?"

"Anakula inzi, Bibi."

"Simuulizii wa kwenye kopo."

Kipusa akanitazama. Akaelewa. "Anakula. Anapika pia. Chumvi inazidi."

"Anapiga kelele?"

"Zamani. Siku hizi anasema taratibu mpaka koo linamuuma."

Nilidhani hakuna aliyeona.

Bibi akaomba ndoo ya vigae, akaiweka miguuni, akavigusa kimoja kimoja, na hapo akalia. Alilia vizuri, bila haraka, na hakuna aliyemnyamazisha. Kipusa alimwegemea begani. Mimi nikaganda ukutani, mikono imenyooka. Sasa najua kwa nini watu husimama hivyo.

Chai ilipoisha akachagua kigae kimoja, akakifunga kwenye leso. Mlangoni akanishika mkono, si wa Kipusa, wangu. "Nilikuja na begi tupu la nguo zake," akasema. "Narudi nalo hivyo hivyo. Vunjajungu wa namna hii haokotwi vichakani, mwanangu. Punguza chumvi."

Alipokata kona, gurudumu la mume wangu likapona.

Jumapili, 18 Mei

Leo tumemwachia Kijiti. Ameanza kuota vibawa mgongoni, vidogo, vimekunjwa kama pindo, na kopo limemwia dogo. Kipusa ndiye aliyeamua. Alitaka amtoe mwenyewe, nami nikabaki ndani kwenye cherehani, nikijifanya nina haraka na sketi ya mtu.

Nikakanyaga polepole ili nisikie.

Kisha sauti ikapanda, ile ile iliyovunja jungu:

"Mama Vunjajungu! Njoo uone! Kapanda, simwoni tena!"

Mguu ukasimama kwenye kanyagio. Lile neno lilikuwa limejificha ndani ya utani, limejibana, miguu imenyooshwa mbele, ungesema halimo. Nimeliona. Wala sikulipuliza, lisije likakimbia.

"Abee!" nikaitika, nikatoka na mkasi mkononi.